Sonara Aliyetafuna Njumu

Bibi Kokushubila hakuvuka ziwa kwa meli, kisha akatikiswa na gari moshi mpaka kiuno kikafa ganzi, ili aje Dar es Salaam kula pilau ya harusi. Pilau kitu gani! Alikuja kwa ajili ya kidole.

Kidole chenyewe kilikuwa cha mjukuu wake Gaudens, mwalimu wa shule ya misheni, kijana mpole hivi kwamba kuku wa jirani walikuwa wakiingia chumbani kwake kutaga, naye anawapisha. Jumamosi ile alikuwa anamwoa Felicitas, na padri alishasema bwana harusi naye avae pete. Habari hiyo ilipomfikia Bibi huko kwao Kanyigo, aliona hapo ndipo pa kumfungia kamba. Maana mtoto alikuwa ameanza kuteleza. Alikuja Dar kufundisha, akanogewa na samaki wa nazi, akaacha kuulizia ndizi, na sasa anaoa msichana aliyezaliwa Temeke ambaye Kihaya chake kiliishia kwenye salamu. Wakizaa, nani atawaambia watoto kwamba wana kwao? Bibi hakujidanganya: safari ile hakuwa na magoti ya kuirudia. Kwa hiyo alitaka kitu cha nyumbani, tena cha marehemu mumewe, kiingie kwenye pete ya Gaudens. Akiandika ubaoni akione. Akinawa akione. Siku akitaka kusahau, kimkodolee macho.

Kitu hicho alikibeba kifuani, kimefungwa kwenye kipande cha nguo ya magome, na alipoulizwa ni nini alijibu, "Maziwa yangu, unataka kunyonya?" Hakuna aliyeuliza tena.

Alhamisi asubuhi wakaenda watatu Mtoni kwa Mzee Matar, sonara. Ukoo wake ulitoka Uarabuni zamani sana, na sasa hata ndoto aliota kwa Kiswahili. Alikuwa na ndevu nyeupe, miwani iliyoshikizwa kwa uzi, na baraza iliyonuka makaa.

"Shikamoo mzee," walisema vijana.

"Marahaba wanangu. Karibu bibi, karibu uketi. Ndiye mama wa bwana harusi?"

"Mie mke mkubwa," alisema Bibi Kokushubila, akajikalisha kwenye mkeka kama aliyezaliwa juu yake. "Huyu mume wangu. Na huyu mrembo ni mke mwenzangu, kaniletea ushindani uzeeni."

Mzee Matar hakuhitaji kuelezwa. Kwao pia mabibi waliwaita wajukuu wao waume. "Pole sana, bibi," alisema. "Basi nitengeneze pete tatu?"

"Mie nivishe kiatu tu, kidole kimeshavimba."

Wakacheka, wakajuana. Kahawa ikaletwa katika vikombe visivyo na masikio, pamoja na kashata. Bibi alionja, akakunja uso.

"Nyie watu wa pwani mnaichemsha buni, mnakunywa maji yake, yenyewe mnaitupa! Hamna huruma." Akatoa kikapu kidogo cha kusukwa. Ndani mlikuwa na buni za kwao, zile za kuchemshwa na majani yenye harufu kisha zikakaushwa, ambazo kwao mgeni hupewa azitafune kabla hajaulizwa shida yake. Akamtilia sonara kiganjani. Mzee Matar, mtu wa adabu, akatafuna. Machozi yakamlenga kwa ukali wake, lakini akasema, "Tamu."

"Muongo wewe," alisema Bibi kwa furaha, akamwongeza nyingine. Nayo akaitafuna.

Kisha wakaingia kazini. Pete ilikuwa imeshafuliwa. Ilikuwa ya fedha, nene, na katikati yake ulizunguka mfereji mwembamba, mtupu kama ufizi wa mtoto. Mfereji huo ulikuwa wa kujazwa njumu, yaani pambo linalopachikwa ndani ya fedha na kusuguliwa mpaka ukipitisha kidole usijue wapi limeanzia. Mzee Matar akatandika kitambaa cheusi, akaweka sinia la vitu vyake: mpingo, waya wa shaba, gamba la kasa, tumbo la gamba la chaza linalometameta, kipande cha santuri iliyovunjika, na mpini wa mswaki wa kijani.

"Mswaki, mzee?" aliuliza Gaudens.

"Usiucheke. Askari wetu waliorudi kutoka Burma ndio walioniletea ufundi huo. Vita vikiwachosha wanachonga pete za miswaki. Rangi yake haitoki mpaka kiama."

"Mie sitaki mume wangu anukie meno," alisema Felicitas, akaokota chaza. "Hiki hapa. Kigeuze juani uone, mara waridi, mara kijani. Tulikuwa tukiviokota utotoni ng'ambo ya Kigamboni."

"Kizuri," alisema Gaudens. Angeambiwa avae ukindu angesema kizuri.

Bibi akaona mambo yanamponyoka. Chaza! Sasa ndiyo kidole chote kigeuke pwani. Akakohoa, akaingiza mkono kifuani, akafungua nguo ya magome. Ndani mlikuwa na tunda moja la buni, limekauka. Akalipasua kwa ukucha, zikatoka buni mbili zilizolala tumbo kwa tumbo, kama pacha. Zilitoka kwenye mbuni ambao mumewe aliupanda siku alipozaliwa baba yake Gaudens. Moja akaibakiza kwenye nguo. Nyingine akamwekea Mzee Matar kwenye sinia, mbele yake kabisa.

Halafu, badala ya kumweleza sonara kwanza, akawageukia vijana. Kumbe alikuwa amejitayarishia hotuba tangu Mwanza.

"Nyie wawili nisikilizeni. Chaza ni maiti ya konokono. Mnataka mfunge ndoa na maiti? Mie nimeleta kitu cha babu yenu, kitu kilicho hai, na nataka kiingie humo kwenye pete. Kikishaingia humo, hata mkihamia Uingereza..."

Nyuma yake kikasikika *kru*.

Bibi akageuka polepole. Mzee Matar alikuwa anatafuna, macho yamemtoka kwa ukali, ameweka mkono kifuani kwa shukrani.

"Umenizidishia, bibi," alisema. "Hii kali kuliko zile."

Sinia lilikuwa tupu pale palipokuwa na buni.

"Umekula pete!" alipiga kelele Bibi Kokushubila. "Jamani, mtu mzima kamla mume wangu!"

Mzee wa watu aliposhika maana alitaka ardhi impasukie. Chakula kwenye pete? Alijuaje? Mgeni kampa mara ya kwanza katafuna, mara ya pili katafuna, ya tatu aikatae amvunjie heshima? Akataka kuitema, ilikuwa imeshafika mbali. Gaudens aliinama akajifanya anafunga kamba za kiatu, mabega yakimtetemeka. Felicitas alijiziba mdomo kwa kanga.

"Ipo pacha yake," alisema Mzee Matar kwa haraka. "Ile nyingine. Nitaipachika hiyo, bibi, nitaisugua mpaka ing'ae."

Bibi akaitazama buni iliyobaki. "Haiwezekani," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe umemla mwenzake. Kwetu watu wakigawana buni za tunda moja, huyu akatafuna hii na yule akatafuna ile, wamekuwa ndugu wa kuzaliwa. Hakuna kubanduka tena. Sasa wewe umeshakula upande wako. Nikiifungia hii kwenye pete, undugu wako utabaki unaning'inia, huna wa kukaa naye upande wa pili. Sitaki laana miye." Akamkabidhi Gaudens ile buni. "Tafuna."

"Bibi, zamani si walikuwa wanachanjana kwanza, buni ikapakwa damu?"

"Hiyo damu tutamsamehe, ni mzee. Tafuna!"

Gaudens akatafuna. Na yule kijana mpole wa kuku aliangua kicheko mpaka kaka yake mpya naye akacheka, miwani ikamwanguka kwenye majivu.

"Basi tumepata ndugu Mwarabu," alisema Bibi. "Matar, wewe sasa mjukuu wangu. Nisalimie."

Mzee Matar, ndevu zote zile, akainamisha kichwa. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu."

Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, mkewe Bahiya akaangusha sufuria kwa kicheko.

Lakini kicheko kilipopoa, Bibi alibaki mkekani na mawazo yake. Undugu umepatikana, sawa, pete je? Babu wa Kanyigo alikuwa ameishia tumboni mwa watu wawili, na Jumamosi kidole kitavikwa chaza. Akatoa kiko chake, akakitia tumbaku, akakivuta kwa uchungu akitazama barabara ya Kilwa bila kuiona. Na Bibi Kokushubila asiposema neno, hata kuku hunyamaza wakasikiliza.

Felicitas akasogea, akaketi karibu naye. Alikitazama kile kiko. Mdomo wake ulikuwa wa pembe nyeusi ya nyati, na juu yake palikuwa na vishimo vimezama, vimelainika.

"Bibi," alisema, "mbona kiko chako kimeng'atwa? Wewe si huna meno ya mbele?"

"Unanitukana?"

"Nauliza tu, mke mwenzangu."

Bibi alikitoa mdomoni, akakitazama kama ndiyo kwanza anakutana nacho. "Haya meno ya babu yenu. Kiko kilikuwa chake. Alikuwa akifikiri anang'ata, na alikuwa mtu wa kufikiri polepole."

Felicitas alimtazama Gaudens, kisha akaitazama pete kwenye kitambaa.

"Basi si huyu hapa?" alisema.

Mzee Matar akaacha kufuta miwani. Bibi akakishika kiko kwa mikono miwili. Buni alikuwa tayari kuitoa, mbuni ungezaa nyingine. Lakini mdomo huu ulikuwa mmoja. Kila jioni, tangu wamzike, alikuwa akiweka ufizi wake pale meno yale yalipokaa, na hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Na sasa kisichana cha Temeke kisichojua hata kumenya ndizi kimeliona.

Akamtazama Felicitas, akauchomoa mdomo wa kiko kwa kuuzungusha, *pop*, akaupeleka kwenye sinia.

"Mke mwenzangu umenizidi," alisema. "Na weka chaza yako humo pembeni, nisije nikaitwa mchoyo. Lakini wewe Matar," akainua kidole, "ukiula huu nakuua!"

Mzee Matar alifanya kazi siku ile na kesho yake. Alipasua pembe vipande vyembamba kama ukucha, akavipasha moto vikalegea, akavizungusha mferejini, akavishikiza kwa sandarusi. Kati ya kipande na kipande akatia chembe ya chaza. Pale penye alama ya jino hakusugua sana; aliacha kishimo kidogo, cha kutosha ncha ya kidole gumba kupumzika.

Jumamosi, kanisani, padri aliishika pete ili aibariki, akasita. Akaisogeza puani. Akainusa tena. Akawatazama maharusi mmoja mmoja kwa mashaka.

"Ni tumbaku, baba," alisema Bibi Kokushubila kutoka benchi la mbele, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Ni mume wangu wa kwanza. Endelea tu."

Kwenye karamu aliwapokea Mzee Matar na Bahiya, akawakalisha na ndugu wa bwana harusi, akawatambulisha kwa Wahaya wote waliokuwapo, na asiyeamini akaambiwa amnuse Matar mdomo. Bahiya naye aliitwa mke mwenza, akajibu kwamba kama ni hivyo basi zamu za kupika zianze kesho, kwa mkubwa.

Siku ya kuondoka, gari moshi lilipopiga king'ora, Bibi alitoa kichwa dirishani kuwapungia. Felicitas alipunga. Gaudens hakupunga. Alikuwa amesimama pale, mkono puani, anainusa pete yake, kidole gumba kimetulia kwenye kishimo, mashavu yamelowa na meno yote nje.

Bibi akarudisha kichwa ndani, akaketi. Akawasha kiko chake, ambacho sasa kilikuwa na mdomo mpya wa mswaki wa kijani, zawadi ya mjukuu wake Matar, akavuta, akatema.

"Mbaya kama nini," alimwambia abiria wa jirani kwa furaha. "Onja."