Anayehema Mlangoni

Kijijini kwao, upande wa Makote, hakuna aliyewahi kumwona Winfrida amekaa, na watu walimsifu kwa hilo. Alfajiri alikuwa tayari anafagia chini ya mikorosho, mchana anatwanga, jioni anachochea moto na kumchemshia mama yake maji ya kuoga. Hata kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango, akisema magoti yanamsumbua akiyakunja. Jirani yake Rukaiya, waliyepakana naye shamba tangu waolewe, aliwaambia wanawe kwamba wakitaka kujua mtu wa kazi yukoje, wamtazame Mama Pendo.

Winfrida mwenyewe, huyo Mama Pendo, alijua kwamba si bidii. Kila alipokaa, iwe kwenye kigoda, kwenye mkeka au kwenye benchi la kanisa, alisikia mtu anahema nyuma yake. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa pumzi ya mtoto aliyepanda mlima mrefu na mzigo kichwani: inaingia kwa shida, inakwama kifuani, inatoka na mluzi mwembamba. Nyumbani ilitokea mlangoni. Akigeuka, anaona jua tu uwanjani na kuku. Akisimama na kushika kazi, inanyamaza. Usiku alijitupa kitandani akiwa amechoka kiasi kwamba usingizi ulimchukua kabla pumzi ile haijamfikia.

Alijua ni ya nani. Mwaka 1988 mashine ya maji ilikufa, na kwa wiki nyingi wanawake na wasichana wakarudia kushuka ukingo wa uwanda wa juu hadi kwenye chemchemi za bondeni, kisha kupanda tena na ndoo kichwani, nusu ya siku ikaishia njiani. Winfrida alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alishuka siku nne mfululizo. Siku ya tano akajifunika kanga mpaka kichwani, akamwambia mama yake anaumwa. Akatumwa mdogo wake, Anjelina, wa miaka kumi na mmoja. Alasiri wenzake walirudi bila yeye. Walisema alikuwa anabaki nyuma, anasimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi, halafu wakasikia ndoo inabingirika. Walimkuta chini ya genge, shingo imevunjika.

Wiki tatu baadaye Winfrida alipata kipaimara pamoja na wenzake, akapokea Komunyo yake ya kwanza. Mara hiyo moja tu. Tangu hapo, watu walipoinuka kwenda altareni, yeye alitoka nje kuwabembeleza watoto waliokuwa wanalia. Miaka ikapita mingi, na kanisa zima likaamini kwamba Mama Pendo anapenda watoto.

Kwaresima ya mwaka jana mama yake, Bibi Maria, alianguka jikoni na miguu yake haikunyanyuka tena. Mume wa Winfrida alishafariki, na Pendo, mtoto wake pekee, anafundisha shule huko Masasi. Nyumba ikabaki na wanawake wawili, mmoja kitandani na mwingine hatulii. Uji Winfrida alimlisha mama yake akiwa ameinama, bakuli mkono mmoja, kijiko mkono mwingine. Alasiri moja mama akafunga mdomo, akakataa kijiko.

"Kaa," akasema. "Unanilisha kama unafukuzwa."

Winfrida akakaa ukingoni mwa kitanda. Haikuchukua muda. Ilianza nje, karibu na mtungi, kisha ikafika mlangoni na kubaki pale, ikipanda na kushuka. Akalishika bakuli kwa mikono miwili, akautazama uji, akijitahidi uso wake usionyeshe kitu.

Bibi Maria alikuwa amefumba macho.

"Kumbe na wewe unamsikia," akasema.

Winfrida akaweka bakuli chini. Miaka yote ile alijifariji kwamba huenda ni kichwa chake tu, kwamba ni ugonjwa wake peke yake na atakufa nao. Sasa mama yake alikuwa anageuza uso taratibu kuelekea mlangoni, kama mtu anayemwangalia mgeni aliyemzoea. Winfrida akauliza kwa sauti ya chini tangu lini. Tangu matanga yalipoisha, mama akajibu, na kila aliposikia alitoka na jembe, hata kama hakuna cha kulima. Kisha akasema anamtaka Padri.

Rukaiya ndiye aliyepiga simu, maana simu ya Winfrida haikuwa na chaji. Hakuuliza sababu. Alisema tu kwamba mgonjwa akimtaka mtu wake wa dini hacheleweshwi, akabaki uani kuwatazamia chungu.

Padri Dastani alifika kesho yake kwa pikipiki kutoka Newala, kijana ambaye Winfrida angeweza kumzaa. Akawaamkia shikamoo, akavaa stola, akamwomba Winfrida atoke ili mgonjwa aungame. Bibi Maria akainua mkono kumzuia. Alisema jambo lenyewe ni moja, na huyu lazima alisikie.

"Siku ile nilimshika huyu paji la uso," akamwambia Padri. "Lilikuwa baridi. Nilijua haumwi. Nikamwonea huruma, nikamwacha alale, nikamtuma mdogo. Halafu nikamwacha aubebe uongo ule peke yake, kama vile mimi sikujua."

Winfrida alikuwa amesimama kwenye nguzo ya mlango. Alitaka kutoka, hakuweza. Akapiga magoti palepale, kwenye udongo.

"Sikuwa mgonjwa, Padri," akasema. "Nilikuwa nimechoka."

Maneno yale mawili ya mwisho ndiyo yaliyomvunja. Alilia mpaka Rukaiya akachungulia, kisha akarudi nyuma.

Padri hakusema kwamba ni jambo dogo, wala hakusema kwamba ni la zamani. Aliwaacha wamalize. Aliuliza kama wangependa aibariki nyumba, na Bibi Maria akamwambia nyumba haina kosa, awabariki wao. Basi akawawekea mikono kichwani mmoja baada ya mwingine, akawatamkia ondoleo la dhambi. Akawasomea pale Bwana anapowaita wote waliolemewa waende kwake, naye atawapumzisha. Winfrida alilijua somo lile tangu mafundisho ya kipaimara, lakini alikuwa akilisikia kama barua ya watu wengine.

"Anjelina hayuko mlangoni, mama zangu," Padri akasema. "Yuko kwa Bwana, wala hachoki. Ninyi ndio mliobaki njiani."

Akawapa Sakramenti. Winfrida alikinga viganja vyote viwili.

Alipoondoka, pikipiki ikapotea kwenye mchanga wa barabara na uwanja ukawa kimya. Winfrida akakaa. Ikaja. Ilikuwa karibu kuliko siku zote, nzito, yenye mluzi, na miguu yake ikamtuma asimame. Mama akamshika pindo la kanga. Wakabaki hivyo, wakiisikiliza, Winfrida akirudia jina la Yesu bila sauti kwa sababu sala nyingine zote zilimkimbia. Ilihema muda mrefu. Kisha ikaanza kupungua, kama mtu aliyefika juu palipo tambarare akashushiwa mzigo, ikawa nyepesi, na nyepesi zaidi, mpaka Winfrida hakujua ni lini ilikoma.

Rukaiya alipoingia na mboga alimkuta amelala sakafuni mchana kweupe, mdomo wazi, kichwa kikiegemea kitanda. Alidhani amekufa. Bibi Maria akamwashiria kwa kidole asimwamshe.

Bibi Maria aliishi hadi wiki ya pili baada ya Pasaka. Katika siku hizo pumzi ilirudi mara mbili, zote mbili kwa mbali, na Winfrida hakuinuka. Mama alipokata roho hapakuwa na kingine kilichosikika chumbani.

Pendo alikuja kwa basi kutoka Masasi, akawahi mazishi. Waliporudi makaburini alimkuta mama yake katikati ya wanawake kwenye mkeka, amenyoosha miguu, amepewa kikombe cha chai, huku Rukaiya na mabinti zake wakihangaika na masufuria. Akaketi kando yake. Baada ya muda akauliza, kwa kuwa Padri alimtaja kwenye ibada, huyo mama mdogo Anjelina alikuwa mtu wa namna gani. Hakuwahi kuambiwa zaidi ya jina.

Winfrida akaweka kikombe chini. Akaanza na midomo ya Anjelina, jinsi ilivyokuwa ikichubuka kila msimu kwa kula mabibo, na bado haachi.