Kiangazi Bila Bernadeta

Mwaka huu goti la Bernadeta lilikataa mlima. Kwa miaka kumi na saba alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wakulima wa mboga, huko milimani juu ya Mlali, na zamu zote za maji ya mfereji alizibeba kichwani: nani amwagilie kabichi alfajiri, nani angoje jioni. Hakuandika hata moja. Watu walimsifu, naye, tuseme ukweli, sifa zilimnogea.

Sasa binti yake alimwita aende Dumila akatibiwe, na kiangazi ndio kwanza kinaanza. Umoja ukivunjika je?

Siku ya kuaga alimkumbuka marehemu mzee Kasiani, mwenyekiti aliyemtangulia. Mzee yule alikuwa na mchezo wake: maji yakipungua tu, anafunga safari kwenda kumtazama dada yake, wiki nzima. Nyuma huku watu wanagombana mferejini, majembe mkononi, mpaka wapatane wenyewe. Bernadeta, enzi hizo msichana, alimwona mvivu. Leo alitamani kumwona tena hadi machozi yakamlengalenga, yule mzee na koti lake la kaki, akirudi na kuulizia kabichi kana kwamba hajui kitu. Kumbe alikuwa akiwafunza kazi yake. Yeye Bernadeta hakumfunza mtu; hakuwahi kukosekana hata siku moja.

“Mama, tutajie basi hizo zamu tuziandike,” alisema Joyce, katibu wa umoja.

Ulimi ulimwasha.

“Kaeni mpange za kwenu,” alijibu. “Mimi nimeshaondoka.”

Kule Dumila simu haikumtoka mkononi. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu uvumilivu ukamshinda, akapiga mwenyewe.

“Shikamoo mama!” Joyce aliitikia. “Goti linaendeleaje?”

“Marahaba. Achana na goti. Mbona hamnipigii? Maji je?”

“Tulizozana siku mbili, mama, tukapanga. Sasa wenye watoto wachanga ndio wanaanza asubuhi.”

Miaka kumi na saba, na hilo halikuwahi kumjia.

“Kwa hiyo hamjakwama popote?”

Joyce alifikiri kwa dhati. “Hapana, mama. Tumekukumbuka tu.”

Bernadeta akaaga, akaiweka simu mezani. Iliuma, hakuna haja ya kuficha. Alilia kidogo, kisha akamwomba binti yake chakula, maana wiki tatu hizo hakuwa amekula akashiba.