Ruba wa Ng'washi

Ng'washi hakuwa mganga wa kubabaisha, na Igogo nzima ililijua hilo. Ukivilia damu, unakwenda kwake akuwekee ruba wainyonye. Aliwaokota majarubani kwenye mpunga, akawafuga ndani ya chungu, na kabla ya kumwekea mtu aliwaosha mara tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usafi ndio uliokuwa fahari yake. Wachache waliovimba baadaye, alisema walichelewa kuja.

Basi Odeta, bintiye wa pekee, alipobanwa mkono na kreti la barafu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, nani angefikiria pengine pa kumpeleka? Mganga hajigangi, lakini mwanawe je? Ng'washi akaweka ruba wanne. Weusi ukapungua, Odeta akacheka.

"Mama, kesho kutwa narudi kazini."

Kesho kutwa ilipofika, mkono ulikuwa umeumuka hadi kiwiko, na homa juu.

"Mama, twende hospitali."

"Damu mbaya haijaisha, mwanangu. Vumilia."

Akaongeza wengine sita. Umlaumu vipi mama aliyefanya alilolijua? Lakini siku mbili zikapotea hapo, na hizo ndizo zilizokuwa za kumwokoa Odeta.

Hospitalini daktari, kijana wa rika la Odeta, alimwamkia Ng'washi kwanza, kisha akamweleza taratibu.

"Ruba ana vijidudu tumboni, mama. Yeye vinamsaidia kusaga damu. Vikiingia kwenye kidonda cha mtu, vinamwozesha."

"Niliwaosha, baba. Mara tatu."

"Uliwaosha nje."

Odeta alikata roho Jumapili, watu wakitoka kanisani. Msibani Ng'washi hakutoa chozi, na majirani wakanong'ona.

Matanga yalipoisha, alikifunua chungu. Ruba walikuwamo wote kumi, wamenona, hawajamgusa mtu mwingine. Akawamwaga kwenye sinia, akawanyunyizia chumvi. Wakajikunja, wakatapika damu. Bado ilikuwa nyekundu. Odeta alikuwa kaburini siku ya tisa, na damu yake ilikuwa hapa, imetunzwa kuliko alivyotunzwa mwenyewe.

Ng'washi aliikusanya kwa viganja, akaanza kulia. Majirani walipokuja mbio walimkuta ameikumbatia mikono yake kifuani, akisema hajui damu hiyo aimwage wapi.