Wiki Tano za Kununiana

Jumamosi moja ya Novemba, ndani ya sauna yetu, kibanda cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, niliona uso wa baba ukitoa jasho upande mmoja tu. Kulia lilimtiririka hadi kidevuni. Kushoto, chini ya lile jicho lililolegea ambalo daktari wa mjini alisema ni uzee, ngozi ilikuwa kavu kabisa.

"Unanikodolea macho kama mchumba," alisema. "Mwagia mawe maji, Arvo."

Nilimpeleka hospitali kubwa ya Marquette. Picha na sindano vilionyesha uvimbe wenye ukubwa wa kiazi, juu kabisa ya kifua, umeota kwenye mshipa wa fahamu kando ya uti wa mgongo.

"Si saratani," alisema Daktari Lindqvist, mpasuaji. "Ni nadra. Mimi nimeona sita tu. Lakini umeshaanza kupenya kwenye tundu la pingili. Ukiubana uti, miguu itakwenda. Tuutoe mwezi huu."

"Kama si saratani, ukae," baba akajibu. "Nina miaka sabini na sita. Tutazeeka pamoja."

Jumamosi iliyofuata nilimfokea saunani. Kwetu hakuna anayegombana mle. Watu hutulia kama kanisani. Nilimwita mwoga. Baba, aliyechimba chuma chini ya ardhi miaka thelathini, alichukua taulo lake akatoka bila kuoga.

Nyumbani kwetu anayevunja utulivu ule huomba radhi kabla moto haujawashwa tena. Mimi nilijua niko sahihi. Sikwenda kwake. Wiki tano.

Wiki ya sita nilimpelekea kuni. Theluji mpya uani ilikuwa na alama zake: unyayo wa kulia, na mahali pa wa kushoto, mfereji.

"Tangu lini mguu unaburuta?"

"Wiki ya pili."

"Na hukunipigia simu?"

"Nimpigie nani? Bwana Sahihi?"

Walimpasua siku mbili baadaye. Lindqvist aliutoa uvimbe wote. Baba alipozinduka, daktari akamwambia achezeshe vidole vya miguu. Vya kulia vikacheza. Vya kushoto tukavitazama muda mrefu.

"Huenda mguu ukapata nguvu tena," daktari alisema. "Ungekuja mwezi ule, ningekuahidi."

Alipotoka nikasema, "Nisamehe, baba."

Alikuwa ametazama dari. "Niinulie huo mguu," alisema. "Umelala vibaya."

Niliushika kwa mikono miwili, nikauinua.

"Mbona huuinui?" akauliza, macho bado darini.