Bandeji Arobaini

Vumbi la Isiolo halibishi hodi. Lilipenya chini ya mlango, likapanda juu ya sanduku la bati la Kinanu, likalala hapo kama mwenye nyumba. Kinanu akalipangusa. Malori ya jeshi yakapita tena kuelekea mashariki, vumbi likarudi, naye akachukua kitambaa akapangusa tena.

Ilikuwa Juni, mwaka wa sitini na saba, na Ijumaa angeondoka. Miezi mitatu ya kujitolea Uganda, kambini, kuwauguza watu waliokimbia vita vya Sudan. Kanisa lilimchagua yeye, binti wa Meru, muuguzi wa zahanati, na akina mama wakachana mashuka yao ya zamani wakamviringishia bandeji arobaini. Alipaswa kufurahi. Hakufurahi. Alifungua sanduku, akafunga sanduku, akatoa viatu, akarudisha viatu, akaketi, akasimama. Moyo wake ulikuwa kuku aliyeona kivuli cha mwewe.

Sababu aliijua. Sababu ilikuwa Mama Kinsi.

Mama Kinsi, jirani yake Msomali, ndiye aliyempokea Kinanu aliposhuka kutoka milimani, mgeni, hajui joto wala mtu. Siku ya kwanza alimletea maziwa ya ngamia ndani ya dhiil, chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, na maziwa yalinukia moshi. Kinanu akanywa kwa adabu. Kisha, kwa ujuzi wake wote wa zahanati, akachukua maji moto na sabuni, akasugua, akasugua, mpaka moshi wa miaka mingi ukatoka, akakirudisha chombo akingoja kushukuriwa. Mama Kinsi akanusa. Akacheka mpaka akaketi chini. Halafu akatwaa kijiti chenye moto, akakizungusha ndani polepole, akitengeneza kilichoharibiwa.

"Hii tunaosha na moshi, mtoto yangu," alisema. "Ukienda kwa watu, uliza kwanza."

Sasa Mama Kinsi yuko Garbatulla. Alikwenda kumzika dada yake, na amri ya serikali, kwa ajili ya vita vya shifta, ikamkuta huko: watu wakusanywe kijiji kimoja, wazungushiwe ua wa miiba, asitoke mtu. Karibu mwaka mzima sasa. Mwanawe Warsame, anayepeleka mahindi ya serikali kwa lori huku askari wakimlinda, alirudi juzi na habari kwamba mguu wa mama una kidonda, na hakuna hata kitambaa cha kukifunga.

Falis, binti wa Mama Kinsi, alisimama mlangoni akilitazama sanduku.

"Huko Uganda kuna nini?"

"Wakimbizi. Vita imewatoa kwao."

"Na mama yangu ni nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Kinanu akaenda ofisi ya wilaya kuomba kibali cha kwenda Garbatulla, mbio mbio, leso ikimwanguka. Karani Mutuma, mtu wa kwao Meru, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha macho.

"Ya Uganda iko tayari, hii hapa. Ya Garbatulla, hapana. Huko ni jeshi, Kinanu. Hata mimi siwezi kupewa."

Wanasema penye nia pana njia. Nia alikuwa nayo. Njia ilikuwa na kizuizi na bunduki. Mpaka wa nchi ulikuwa wazi kwake, na mlango wa jirani umefungwa. Alifungua sanduku, akafunga sanduku. Asiende? Wale wa Uganda nao ni mama za watu. Aende? Basi anamruka mgonjwa wake kizingitini. Alijiona mnafiki, na aliona haya.

Ijumaa asubuhi malori mawili yalisimama kwenye kizuizi cha jeshi, moja likitazama Nanyuki, njia ya Uganda, lingine likitazama Garbatulla. Kinanu akaweka sanduku chini, mbele za watu, akalifungua kwa mara ya mwisho. Akatoa bandeji, zote arobaini, akampakia Warsame mikononi hadi kidevuni. Akina mama wa kanisa wangesema nini? Waseme.

Falis akatazama nafasi iliyobaki sandukuni. Akakimbia nyumbani, akarudi na dhiil ya mama yake, imefukizwa asubuhi hiyo, bado ina joto. Akailaza ndani ya sanduku, mahali pa bandeji.

"Nimwambie mama nini?" Warsame aliuliza akiwa juu ya lori.

Kinanu alitaka kusema mengi. Akafunga kifuniko cha sanduku.

"Mwambie dhiil yake ninayo," akasema. "Mwambie sitaiosha na sabuni."

Malori yakaachana. Upande wa mashariki vumbi lilipanda, lile lile alilolipangusa wiki nzima, na safari hii akalisindikiza kwa macho mpaka likatoweka, kwa kuwa ndani yake bandeji zilikuwa zinakwenda. La lori lake mwenyewe likamrudia, likatua juu ya sanduku. Kitambaa alikuwa nacho mkononi. Hakulipangusa.