Bolti Yenye Mstari wa Njano

Mtaa mzima ulimwita Kinyaa, na jina hilo hakupewa na adui. Alilitolea jasho mwenyewe. Fundi huyu wa usukani na springi alikuwa haoni kazi ya fundi mwenzake ila akunje pua, afyonye, ateme mate pembeni, kisha aulize, "Hii nayo mtu kaifanya, halafu akaenda nyumbani akalala usingizi?" Akikuta waya umefungwa mahali pa nati, siku hiyo chakula hakipiti. Akikuta grisi imepakwa kuficha ufa, anatapika. Wala sitii chumvi: kuna siku alitapika kweli, nyuma ya pipa la oili chafu, mwenye gari akadhani maskini fundi ana malaria.

Basi asubuhi ile, gari la mkwe wake lilipoingia uani, alishatema mate kabla hata injini haijazimwa. Lilikuwa pikapu la kuvuta kwa magurudumu yote manne, nalo lilikuwa limenyanyuliwa juu mpaka ukisimama kando yake, kitasa cha mlango kinakutazama usoni. Mkwe alilipeleka kwa watu fulani upande wa pili wa mji, wakaliwekea springi ndefu na matairi ya kutishia watoto, akarudi nalo anatembea kwa maringo kama bwana harusi. Eti ni kwa ajili ya mkewe, avuke makorongo bila shida. Mkewe mwenyewe hakuulizwa.

Aliyeshuka siku hiyo si mkwe, ni binti. Alishuka kinyumenyume, kashikilia mlango kwa mikono miwili, na sare yake nyeupe ya uuguzi ikakwaruza tope la tairi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Pambo lenu mmeniletea tena?"

"Baba, usianze. Linanitangatanga barabarani."

Akaeleza. Barabara ikinyooka, usukani unakuwa mtupu pale katikati: unakata kidogo kushoto, gari halina habari, unaongeza kidogo, linaruka kama limeshtuliwa usingizini. Likikanyaga shimo linahamia upande wa pili lenyewe, na yeye analifukuza kwa usukani mpaka mabega yanauma. Juzi alikutana na lori kwenye kona, na mpaka sasa hajui alipitaje.

"Limeanza lini?"

"Tangu linyanyuliwe. Kama miezi mitatu."

"Miezi mitatu! Na umekaa kimya?"

"Nilijua ni mikono yangu." Akafungua mkoba, akaonyesha ncha ya bahasha. "Nimeshaandika barua, baba. Naomba wanitoe kwenye safari za bondeni, wampe mtu anayejua kuendesha. Kesho asubuhi natakiwa kushuka na masanduku ya chanjo. Kama mbovu ni gari, niambie. Kama mbovu ni mimi, niambie pia, leo hii niipeleke barua."

Kinyaa aliijua barabara ya bondeni. Imechongwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, na ukingo wake ni hewa tupu. Aliijua pia kazi ya binti yake. Miaka sita alikuwa akiwachanja watoto wa kule chini, na wengine aliwajua kwa makovu.

"Mumeo anasemaje?"

"Anasema wanawake tunashika usukani kama tunabeba mtoto mchanga."

Kinyaa alitema mate. "Mpumbavu yule. Samahani mama, ni mumeo, lakini mpumbavu. Hebu rudi juu ukae."

Kwanza alipima upepo wa matairi, akakuta ni sawa. Hakuchukua jeki. Mafundi wengi wa mji ule hukimbilia jeki, wakainua gari, wakatikisa gurudumu likiwa hewani, wakasema mbona zima. Kinyaa aliwaona wehu. Gari likiinuliwa, uzito unaondoka kwenye viungo, na kiungo kilicholegea kinajifanya mtoto mwema. Yeye huliacha lisimame kwa miguu yake, injini ikiunguruma, mtu mmoja juu akizungusha usukani shubiri moja kushoto, shubiri moja kulia, bila kupumzika. Kisha yeye hulala chini kwenye ubao wake na kuweka kiganja juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Macho yake aliyaamini kidogo. Kiganja alikiamini zaidi.

"Washa. Zungusha, na usiache mpaka niseme."

Akajisukuma chini ya gari, na hapo ndipo matusi yalipoanza. Lo! Kulikuwa na vipande vya chuma vimepangwa juu ya ekseli, ule mhimili unaobeba magurudumu, mithili ya mafiga. Kulikuwa na mshono wa kuchomelea wenye manundunundu, kisha umemwagiwa rangi nyeusi ili mtu asiuone. Mpira wa breki ulikuwa umevutwa mpaka umekonda. "Wachafu hawa," alisema, mate yakimjaa mdomoni. "Hawa hata nyumbani kwao hawafui. Mtu akifanya kazi hivi, hata chai yake sinywi!"

"Baba, unaangalia au unatukana?"

"Vyote. Zungusha!"

Kiungo cha gurudumu la kulia kilikuwa kizima. Cha kushoto, kizima. Boksi la usukani lilikuwa limeshika chasisi vizuri, na fimbo ndefu inayounganisha magurudumu haikuwa na neno. Kikabaki kile chuma cha mshazari, kinachotoka kwenye chasisi upande mmoja mpaka kwenye ekseli upande wa pili. Kazi ya chuma hicho ni moja tu, kuizuia ekseli isihame kushoto wala kulia chini ya gari. Kinyaa akaweka kiganja kwenye bolti ya upande wa ekseli.

Tik. Tik. Tik. Kila usukani ulipogeuka, bolti ilitembea ndani ya tundu lake.

"Zima!"

Tundu lilikuwa limejaa tope. Alilichokoa kwa bisibisi, na pamoja na tope kikatoka kitu kinachong'aa, chembamba, kimekunjwakunjwa. Alikigeuza mwangani. Kilikuwa na rangi nyekundu na nusu ya picha ya chungwa.

"Kopo la soda," alisema taratibu, halafu akapiga kelele, "Kopo la soda! Mama, wametoboa tundu pana, wakaweka bolti nyembamba, pengo wakaliziba kwa bati la kopo la soda! Gari la kubeba watu! Yaani ekseli inahama chini yako huku umeshika usukani! Mungu wangu, nitatapika."

Juu, binti aliachia usukani. Kisha sauti ikauliza, "Kwa hiyo si mikono yangu?"

"Mikono yako ina nini? Mtu aliyeteremka bondeni miezi mitatu na takataka hii na bado yuko hai, huyo ni dereva, mama. Barua hiyo washia moto."

Alisikia binti akicheka huku akivuta kamasi. Kinyaa naye akatabasamu pale chini, na kwa furaha kabisa akachovya kitambaa kwenye petroli ili asafishe nati, apate kuweka spana. Tope likatoka. Chini ya tope kukatokea mstari wa njano.

Ulianza juu ya nati, ukavuka mpaka kwenye chuma, na pale katikati ulikuwa umepasuka.

Katika mji ule, fundi mmoja tu alipiga mstari wa njano. Bolti aliyoikaza mwenyewe, kwa spana yake, alimalizia kwa kuipiga mstari kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Nati ikisogea, mstari unakatika, na hata mwenye gari asiyejua kitu anaona. Kopo la rangi lilikaa kwenye kabati lake na ufunguo ulikaa shingoni mwake. Watu walinunua magari kwa sababu ya mstari ule. Walisema, lina rangi ya Kinyaa, chukua.

Akakumbuka. Miezi mitatu nyuma mkwe alimletea gari hili likiwa ndiyo kwanza limenyanyuliwa, akamwambia, "Mzee, nakuomba ulihakikishe kabla binti yako hajaliendesha." Yeye aliliangalia, kichefuchefu kikampanda. Kulala chini ya uchafu ule? Thubutu! Aliinama nusu, kaziba pumzi, kanyoosha mkono, akazipaka bolti zote alizozifikia ili mradi gari liondoke machoni pake. Spana hakuigusa. Akasema, "Haya, toa uchafu wako hapa," akaenda kunawa. Hata jioni haikufika, alikuwa ameshasahau.

Kitambaa cha petroli kilikuwa mkononi. Kufuta mara moja tu, mstari unakwenda, na wachafu wa upande wa pili wa mji wanabaki na uchafu wao wote. Akakisogeza. Tone la petroli likamdondokea shavuni.

"Baba," binti alisema kutoka juu, sauti yake nyepesi sasa, "unajua kwa nini sikuja mapema? Lilipoanza kutangatanga nilitaka kuja siku ileile. Mume wangu akaniambia niiname niangalie chini. Nikaona rangi yako. Nikasema, kama baba amekaza, basi mbovu ni mimi."

Alikuwa akiona kinyaa maisha yake yote, lakini kila siku alikuwa na mahali pa kukitemea. Safari hii hakupaona. Mate yalimjaa mdomoni, akayameza.

"Shuka," alisema. "Njoo uone kitu."

Binti akachuchumaa, akachungulia. Kinyaa akamwonyesha kwa kidole.

"Sikukaza. Nilipaka tu. Niliona kinyaa kulala chini yake."

Binti aliutazama mstari. Akaitazama ile nusu ya chungwa kwenye bati. Kinyaa alingoja alie au atukane, maana angeona nafuu.

"Miezi mitatu, baba," alisema.

"Miezi mitatu."

"Kila asubuhi nilikuwa naiambia mikono yangu itulie."

Akaenda kukaa juu ya tairi kuukuu, mkoba mapajani, akamwangalia baba yake akifanya kazi. Kinyaa alikata sehemu iliyolika, akachomelea bamba jipya, akatoboa tundu la kipimo, akatia bolti nene iliyoingia kwa kugongwa, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hakutukana mtu. Jua lilikuwa limeshavuka paa la karakana alipokwenda kwenye kabati, akarudi na kopo la rangi na brashi.

"Usipake," binti alisema.

Aliweka mkoba chini. Akaukokota ule ubao, akajilaza chali juu yake, na sare yake nyeupe, na viatu vyake vyeupe, akajisukuma chini ya gari kwenye madimbwi ya oili mpaka kikabaki kisigino kimoja nje.

"Kiungo gani kwanza?"

"Cha kulia," Kinyaa alisema. Akainama, akakionyesha kwa kidole. "Weka kiganja. Usibane."

"Haya, panda. Washa."

Kinyaa akaweka kopo chini. Akapanda, mara ya kwanza tangu gari lile linyanyuliwe, kwa taabu, akijivuta kwa mlango. Akawasha. Akashika usukani, shubiri moja kushoto, shubiri moja kulia, kushoto, kulia, akingoja mtu wa chini amwambie.