Marehemu Alipenda Kusali

Kazi yangu ni kuchapa. Duka letu liko mkabala na hospitali, kwa hiyo vitu tunavyochapa zaidi ni viwili: kadi za pongezi kwa waliojifungua na wasifu wa marehemu. Mwenye duka tunamwita Fundi Wino, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona rangi halisi ya vidole vyake.

Jumatano alikuja mjane wa mwalimu wa hesabu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa letu. Alileta wasifu wa mumewe, kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono. Niliuchapa mchana huohuo, huku pembeni nikiandaa somo la kikundi cha vijana kanisani, ambacho mimi ni katibu wake. Somo lilihusu Yuda.

"Umeusoma tena?" Fundi Wino aliniuliza kabla ya kuwasha mashine.

"Nimeusoma," nikasema.

Sikuwa nimeusoma. Nilikuwa nimefika pale Yuda anapokaribia kumbusu Bwana.

Zikatoka nakala mia mbili, safi kabisa.

Ijumaa kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Aliyesimama kusoma alikuwa mdogo wake marehemu, mzee mwenye sauti nzito ya kutangaza. Akafika ukurasa wa pili.

"Enzi za uhai wake," akasoma, "marehemu alipenda sana kusaliti, hasa alfajiri."

Watu wote wakainamia karatasi zao. Ndivyo ilivyoandikwa.

"Aliwafundisha wanawe wote kufanya hivyo," akaendelea bila kupepesa macho, "na hakuchoka hata alipolazwa."

Mtu mmoja akakohoa. Kikohozi kile kikaambukiza safu tatu. Mimi niliomba ardhi ipasuke. Naamini maombi husikika. Lile lilisikika, likakataliwa.

Kwa siku tatu nilipanga kusema kompyuta ndiyo iliyokosea. Kompyuta haina roho, isingehukumiwa. Lakini kila nilipoijaribu sentensi hiyo mbele ya kioo, uso wangu ulikataa kunisaidia.

Jumanne nikaenda kwa mjane. Nilikuwa nimetayarisha ombi la msamaha lenye sehemu tatu: kosa, chanzo cha kosa, na fidia. Nilimkuta sebuleni akikunja mashati ya mumewe.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyechapa ule wasifu. Niliulizwa kama nimeusoma, nikasema uongo, halafu…"

"Marahaba. Najua ni wewe. Nimeshakusamehe tangu Ijumaa. Kaa."

Sehemu ya pili na ya tatu zikanibaki mdomoni.

"Lakini mama, nimewaaibisha mbele ya kanisa zima."

"Umetuaibisha, ndiyo." Akanyoosha kola. "Kaa, mwanangu, unanizibia mwanga."

"Basi nipe kazi yoyote. Nitafua. Nitadeki."

"Nina mabinti watatu humu ndani. Sakafu imedekiwa mpaka tunateleza."

"Niuchape upya?"

"Asome nani? Marehemu?"

Nikakaa. Akanimiminia chai. Kuhusu neema nilikuwa nimefundisha mara mbili kikundini, na mara zote mbili niliieleza vizuri, kwa mistari ya Biblia. Hakuna mahali niliposema kwamba inakera. Umekuja umejikaza upokee adhabu, mtu anakuuliza kama sukari inatosha.

"Unakunywa au unaiombea?" mjane akauliza.

Nikanywa.

Mara akaingia mdogo wake marehemu, akitafuta miwani. Nikainuka.

"Baba, nisamehe. Ile ya Ijumaa ilitakiwa kuwa kusali."

Akaacha kupapasa mito ya kochi.

"Kusali?" akasema. "Mimi nilidhani kaka ameacha maagizo dhambi zake ziungamwe kanisani."

Mjane akaweka shati magotini. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika ukingo wa kochi, halafu kicheko kikabadilika katikati, kikawa kilio, kikubwa, cha mdomo wazi. Mabinti wakatoka jikoni wakasimama mlangoni.

"Alikuwa hajalia," mkubwa wao akaninong'oneza. "Hata makaburini."

Sikuwa na mstari wowote tayari. Nikamshika mkono, naye akaubana mpaka vidole vikaniuma. Mzee aliketi kwenye kiti cha pembeni, miwani ikiwa kichwani kwake, na hakuna aliyemwambia.

Alipotulia tulimsaidia kukunja mashati yaliyobaki. Yalikuwa mengi kwa mwalimu mmoja.